Maziwa ya Shangazi

Ule ulikuwa mwaka tuliokula papa wa biashara. Wenzangu wa Koyama mliobaki mnaujua, hata kama hamjui serikali iliuandika kwa namba gani. Papa aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juu ya vichanja ili apelekwe kuuzwa Kismayu, tulimla wenyewe. Asubuhi papa, jioni papa, bila wali, na nazi moja inapita sufuria mbili, mpaka midomo ikapasuka kwa chumvi. Mchele ulikuwa Kismayu, sisi tulikuwa kisiwani, na katikati palikuwa na amri: chombo kisitoke, chombo kisiingie. Redio ya mwalimu wetu wa chuo cha Kurani ilisema kuna maradhi ya kutapika na kuharisha, yametoka mbali, yameizunguka dunia nzima, sasa yamefika pwani. Nilimuuliza mama dunia nzima ni wapi. Akasema, "Mombasa, Maka, Mogadishu na kwengine." Nikatosheka. Niliona kama maradhi yameshapita kote huko, yatafika kwetu yamechoka.

Mimi si mtu wa kalamu. Nimesoma chuoni, nimehitimu msahafu, na haya mengine ya kuandika nimejifundisha ukubwani kwa ubishi tu, basi mkiona mstari umepinda someni hivyo hivyo. Kilichonishikisha kalamu ni harufu. Katika maradhi haya ya juzi, haya ya kifua na barakoa, mke wa jirani yangu hapa Kismayu alikufa akaacha kitoto cha kunyonya. Watu walimpa mumewe pole kwa simu. Vyakula viliwekwa mlangoni, na anayeviweka ameshakunja kona kabla mlango haujafunguliwa. Asubuhi moja nikasikia harufu ya maziwa ya mbuzi yanaungulia sufuriani. Mwanamume wa watu anachemsha maziwa, na hajui kuwa maziwa yakiwa motoni hukaliwa macho. Mimi, mwanamke niliyezika mume, nikakimbia vita na kurudi, nikalea wajukuu nisiowahesabu mbele za watu, nilijikuta nimekaa kizingitini. Wajukuu wakapiga kelele, "Bibi kaanguka!" Sikuanguka. Nilikuwa nimerudi kwetu, mama amekufa, na kuna mtu ameyasahau maziwa motoni.

Mama alikufa upesi. Asubuhi alikuwa akisuka ukili, ulimi mkali kama kawaida yake, ananigombeza kwa kupoteza kata ya maji. Alasiri macho yake yalikuwa yameingia ndani na vidole vimenyauka kama vya mtu aliyeshinda majini. Bi Saumu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyekuwa akimshika kumpeleka uani. Nilikuwa nyuma ya pazia alipomwambia Nana, mama yake baba, kwa sauti ya chini: "Mara nne karudi kwa miguu yake. Ya tano hakuinuka." Wakampeleka kwenye banda la makuti walilolijenga mwisho wa ufuo, mbali na kisima, na huko hakurudi. Wanaume wachache walimzika, pua zimefungwa vitambaa, chokaa juu ya mchanga. Sisi hatukuitwa kumwona. Sikulia. Nilikuwa na kazi ya kuifikiria ile ya tano.

Maradhi yale yalikuwa na bwana wake, kijana mmoja wa kupiga sindano aliyeletwa kwa mashua kutoka Kismayu kabla bahari haijafungwa. Tulimwita daktari kwa kuwa hatukuwa na mwengine. Alitaka nyumba yetu izungushwe kamba, na kamba yenyewe ilitoka kwa baba, maana baba alikuwa fundi wa vyombo na kamba hazikumpungukia. Aliifunga mwenyewe, fundo zuri, kama anayefunga chombo cha mtu aliyemlipa vizuri. Daktari akatoa amri kwa Kisomali, kisha akairudia kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika ili na sisi watoto tusikie: aliye ndani asitoke, wa nje asiingie, na atakayeingia atahesabiwa wa ndani mpaka yeye aseme basi. Akatugawia vidonge. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni," akasema, akinitolea macho mimi hasa. "Ukizidisha, dawa inageuka sumu."

Nyie mnajua msiba wa kwetu ulivyo. Nyumba iliyofiwa haiwashi moto. Wanawake hujaa mpaka uani, huyu kaja na mtungi wa maji, huyu kaja na sinia, yule anawaogesha watoto wa mwenzake aliyekufa na kuwasuka nywele, na anayelia analia akiwa ameegemezwa. Kwetu hakuingia mtu. Moto aliukoka Nana mwenyewe, mwanamke aliyetembea kama amejitwika mtungi hata asipojitwika. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka, akasema ni moshi. "Tanga la mkwe wangu nalipikia mimi," akasema. "Haijapata kuonekana." Niliona aibu ile inamuuma kuliko kifo chenyewe, kwa kuwa kifo hakukitaja, na aibu aliitaja kila alipochochea kuni.

Bi Saumu alitusaidia kadiri kamba ilivyomruhusu. Aliweka chungu juu ya jiwe, akarudi nyuma, akaita, "Enyi wenye nyumba! Nimewapikia papa!"

"Na jana?" Nana akamjibu toka ndani.

"Jana alikuwa papa. Leo kabadilisha nguo, nimemtia ndimu."

Nana akacheka kidogo, kisha akakumbuka, akajifunika leso usoni.

Lakini Maimuna hakuwa wa kupikiwa. Mdogo wangu huyo alikuwa hajaanza hata kukaa, na duniani hakujua kitu ila titi la mama. Bi Saumu akatuletea maziwa ya mbuzi, Nana akayachemsha, na mara nyingi yakamuungulia. Tulimnywesha kwa kijiko, kwa pamba, kwa kidole cha Nana. Mengi aliyatema, na yaliyoshuka yalitoka chini yakiwa maji matupu. Hapo ndipo hofu ilipopata pa kukaa nyumbani mwetu. Kila asubuhi daktari alisimama kwenye kamba akauliza, "Kuna anayeharisha?" na baba akajibu, "Hapana," na wakati huo Nana ameshazifua zile nguo za mtoto na kuzisukumia chini ya jamvi zikiwa mbichi, kwa kuwa zikianikwa nje zingesema. Tulijua wanaoharisha hupelekwa wapi. Banda lile halikuwa limemrudisha mtu hata mmoja wa mtaa wetu. Nililala juu ya jamvi lile, mgongo umelowa, nikajua nimelalia siri.

Wanawake wenye maziwa walikuwapo kijijini. Mmoja alikuja mpaka kwenye kamba, akasimama akimsikiliza Maimuna analia, kifua chake kikalowa mbele ya macho yetu. "Nana," akasema, "na mimi ninaye wangu." Akageuka akaenda zake mbio. Nilimlaumu miaka mingi. Kisha nikazaa, nikaacha.

Aliyeingia ni shangazi Mwanaisha, dada yake baba. Alikuja mchana kweupe, na kiunoni amembeba mwanawe Bwanaheri, mtoto mnene aliyekwisha kutembea, anayenyonya kwa tamaa tu. Mumewe alikuwa Kismayu, bahari imemfungia huko. Akampachika Bwanaheri mikononi mwa Bi Saumu kama anayempa kapu, akainua kamba.

Daktari akamkimbilia. "Mama, ukiingia hutoki!"

"Nimekusikia tangu juzi, una sauti."

"Mumeo amekuruhusu?"

"Nenda ukamuulize." Akamwonyesha bahari. "Maji ndiyo hayo."

Watu waliosimama mbali wakacheka, na mimi nikacheka, msiba wetu wenyewe. Shangazi akainama akapita, na Bwanaheri akaanza kulia nyuma yake. Hakugeuka.

Nana alimzuia mlangoni, mkono huku na mkono huku. "Unajua unalolifanya, Mwanaisha?"

"Naja kumnyonyesha mtoto, mama."

"Mtoto huyu ni mke wa mwanao."

Wajukuu zangu nikiwasimulia hili huangaliana. Siku Maimuna alipozaliwa, Nana alimvisha kikuku cha fedha mguuni akasema mbele ya wanawake, huyu ni wa Bwanaheri. Mtoto wa kaka na mtoto wa dada, ndivyo nyumba ilivyobaki nyumba kwetu. Na sheria tunayoifuata sisi wa pwani inasema mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano, kila mara ameshiba akaachia mwenyewe, basi yule ni mama yake na wana wa yule ni ndugu zake. Ndoa haipo tena, si leo si kiama. Chini ya tano, bado ni wageni kwa wageni, wanaweza kuoana. Haya niliyajua baadaye, nilipokuwa na akili. Siku ile nilikuwa na masikio tu.

"Nyumba yenyewe imefungwa kamba," Nana akasema. "Kila mtu ataikumbuka kamba hii. Nani atakuja kuposa hapa? Mama hana. Kilichobaki mkononi mwake ni mume, na huyo mume ni mwanao. Umpe maziwa, umnyang'anye mume?"

"Na akifa, mama, utamwoza nani?"

Hilo Nana hakulitegemea. Alisimama, mikono ingali juu ya miimo ya mlango, na nyuma yake Maimuna akawa anatoa kile kilio cha kukwaruza, kama mlango usiotiwa mafuta. Hatimaye Nana akashusha mkono mmoja.

"Nne," akasema. "Nne hazivunji kitu. Apate nguvu kidogo, kisha tumbo litayapokea ya mbuzi. Lakini ya tano nisiione nyumbani mwangu. Ya tano ikishaingia hairudishwi, hata tulie vipi." Akanishika bega akaniketisha kizingitini mwa ndani. "Wewe una vidole. Mimi nina moto na maji ya kuchemsha. Hesabu. Shangazi yako akitaka kupita nne, niite."

Sasa nifahamuni. Nilikuwa mtoto wa kupoteza jino la mbele. Nilimsikia Bi Saumu akisema mama hakuinuka mara ya tano. Nilimsikia daktari akisema dawa ikizidi inageuka sumu. Na sasa Nana, mwanamke asiyeogopa kitu, anaogopa ya tano. Nikajumlisha. Maziwa ya shangazi ni dawa kali. Nne zinaponya. Ya tano inaua. Na mimi ndiye niliyepewa mlango wa kulinda ili mdogo wangu asiuawe. Hakuna mkubwa aliyenieleza vingine, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyejua kama kuna cha kunieleza.

Mara ya kwanza Maimuna hakujua la kufanya. Aligusagusa kwa mdomo mkavu, akateleza, akalia bila sauti. Shangazi akamkamulia tone mdomoni, akamwimbia kwa pua, akamtukana kwa mapenzi, "Haya, mwizi mdogo, iba basi, unasubiri ufunguo?" Na mwizi akashika. Nilisikia anavyomeza. Uso wa shangazi ulikunjamana kwa maumivu kisha ukalegea, na machozi yakamshukia kidevuni na kumdondokea mtoto kichwani, hakuyafuta. Nikakunja kidole cha kwanza. Nilikikunja kwa nguvu hata ukucha ukaniingia kiganjani.

Nana alizigawa zile nne kama maji ya safarini. Baina ya moja na nyingine alimpa maji ya konzi ya mwisho ya mchele aliyokuwa ameificha, akampa asali ya kuramba, akampa tena yale ya mbuzi kidogo kidogo. Mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara Maimuna akarudi duniani hatua moja. Akafungua macho. Akashika kidole changu, kile nilichokuwa nimekikunja, nikalazimika kukikunja upya. Nguo zikaanza kutoka kavu. Daktari akauliza, baba akajibu hapana, na safari hii hakuwa amesema uwongo. Mara ya nne ilipokwisha, mtoto akalala na mdomo wazi, tone la maziwa pembeni, nami nikaenda kumwonyesha Nana mkono wangu uliobakiwa na gumba peke yake.

"Basi," Nana akasema. "Mwanaisha, ahsante. Pumzika sasa."

Ya mbuzi yalirudi, na tumbo likayakataa kama mwanzo. Nguo zikarudi chini ya jamvi. Na sasa nyumbani mwetu palikuwa na jambo ambalo sijapata kuliona tena, na ninamwomba Mungu asilionyeshe kwa kizazi changu. Chumba hiki mtoto analia kwa njaa. Chumba cha pili mwanamke amekaa na maziwa yake. Baina yao pazia. Kutoka hawezi, maana ameshavuka kamba. Kila Maimuna alipolia, leso ya shangazi ililowa kifuani, akaibadilisha, ikalowa tena, mpaka akawa anakaa amejikumbatia kama mwenye baridi. Kule nje Bi Saumu alimleta Bwanaheri mpaka karibu na kamba, naye alipomwona mama yake dirishani akalia, "Nyonyo! Nyonyo!" Shangazi akarudi nyuma ya dirisha asimwone.

Baba alimwita mwalimu wa chuo, akasimama upande wake wa kamba na mwalimu upande wake.

"Akikamua kikombeni?" baba akauliza. "Mtoto asiguse titi?"

Mwalimu alikuwa mtu mpole, akaangalia chini. "Yakishafika tumboni ni yale yale, fundi. Kwa titi au kwa kikombe. Isingekuwa hivyo ningekwambia."

"Mimi ndiye baba yake," baba akamwambia Nana alipoingia. "Na mimi nasema..."

"Wewe usiseme kitu. Umefiwa. Leo utasema hivi, na binti yako akifika umri akakaa na mimi hapa bila mume, utasema vile."

"Mama, na asipofika umri?"

"Atafika. Atazoea ya mbuzi. Wewe ulizoea uji una miezi mitatu."

Baba alikuwa mwanamume mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na alimwogopa mama yake kama sote. Alitoka uani, akachukua nyundo yake na pamba iliyochovywa sifa, yale mafuta ya papa, akaanza kukalafati mashua ndogo iliyokuwa hapo tangu kabla ya msiba. Mashua ile haikuwa na ufa wowote uliobaki. Tok, tok, tok, anaziba palipozibwa. Nilielewa kwamba anapiga ili asisikie. Nilipotaka na mimi kuziba masikio, nikakumbuka kwamba nimewekwa zamu.

Kisha Maimuna akanyamaza.

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Nana alikuwa amekaa mkekani naye amempakata, kikombe cha maziwa ya mbuzi mkononi, na usingizi uliokuwa ukimdai tangu mama alipougua ukamchukua akiwa ameketi. Mtoto alikuwa mikononi mwake, macho nusu, kifua kinapanda na kushuka haraka haraka, na midomo inafanya kazi ya kunyonya bila kitu ndani yake. Nyundo ya baba ikasimama uani. Nadhani na yeye alisikia kule kunyamaza.

Pazia likasogea. Shangazi aliingia bila viatu, akapiga magoti, akamtoa mtoto mapajani mwa Nana polepole, kama anayetoa mkate moto jikoni. Nikamfuata mpaka chumba cha pili. Alikuwa ameshafungua leso.

"Shangazi, ni ya tano."

"Najua."

"Ni ya tano!" Nikamuonyesha gumba langu. "Nne zimekwisha, hii ni ya tano!"

"Nyamaza, mwanangu, utamwamsha Nana."

Nikamrukia. Nilimshika Maimuna mguu wenye kikuku nikavuta, na shangazi akanisukuma kwa kiwiko, nami nikamuuma shangazi mkono, nikiwa nimeshika mguu wa mdogo wangu bado. "Usimuue! Usimuue kama mama!"

Shangazi akatulia. Damu kidogo ilikuwa ikimtoka mkononi, hakuiangalia. Alinitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu avuke kamba nadhani, akaona nilivyokunja ngumi na gumba likiwa nje.

"Nani kakwambia inaua?"

Nikamwambia. Bi Saumu nyuma ya pazia, daktari na vidonge, Nana na ile isiyorudishwa. Niliyamwaga yote kwa pamoja, nimechanganya kamasi na machozi, na ndipo nikawa nalia kwa ajili ya mama, sikujua hata yalianza lini.

"Ee Mungu," akasema. "Na umeibeba hii peke yako?" Akaniweka mkono kichwani. "Sikiliza. Ya tano haimuui mtoto. Ya tano inanifanya mimi mama yake. Nana hataki kwa sababu alitaka niwe mama mkwe wa mdogo wako. Ni hilo tu. Ni neno la wakubwa, la harusi, huko mbele kabisa. Umefahamu?"

"Hafi?"

"Akikosa ndiyo atakufa. Uachie mguu wake."

Nikauachia. Moyo wangu ulikuwa haujaamini, lakini vidole viliamini. Shangazi akamweka kifuani. Maimuna hakushika. Mdomo uligusa, ukaacha, ukagusa. Shangazi akamkamulia, yakapita pembeni ya mdomo yakaingia sikioni. Akamtikisa shavu kwa kidole. "Iba," akamwambia, na safari hii hakuwa na mzaha. "Iba, mwanangu, iba." Mimi nilikuwa nimemsogelea kiasi cha kuwa pua yangu karibu iguse kichwa chake, kilichonuka maziwa yaliyoungua. Akashika. Nikasubiri afe. Akameza, nikasubiri. Akameza tena, mkono wake ukapanda juu ukalikamata titi kwa vidole vyote, kama mwenye mali.

"Mwanaisha."

Nana alikuwa amesimama kwenye pazia, kikombe bado mkononi. Nyuma yake baba, nyundo mkononi naye, na wote wawili wakitazama mahali pamoja.

"Ni ngapi hiyo?" Nana hakumuuliza shangazi. Aliniuliza mimi.

Nikamnyooshea ngumi. Vidole vyote vimekunjwa, na gumba nalo.

Nana akavuta pumzi. "Hajashiba," akasema, upesi, kwa sauti ya mtu anayeona chombo bado hakijaacha gati. "Hajaachia mwenyewe. Haijatimia bado. Mtoe sasa hivi, Mwanaisha, mtoe kabla hajashiba, tutatafuta njia nyingine."

Shangazi alimpangusa Maimuna jasho la paji la uso kwa ncha ya leso. Hakuinua macho.

"Simtoi, mama. Bwanaheri atapata mke kwengine."

Kikombe kilimwagika, sijui kama alikiachia au kilimponyoka. Maziwa ya mbuzi yakaenda sakafuni mpaka miguuni pangu. Baba alipiga hatua moja mbele, na sikujua kama anakuja kumsaidia mama yake au dada yake, na naona hata yeye hakujua. Nana akainyoosha mikono yake miwili, mitupu, ile mikono iliyompokea Maimuna alipozaliwa, na mimi kabla yake.

"Nipe," akasema. "Nakwambia mimi niliyekunyonyesha wewe. Nipe mtoto."

Mle chumbani palikuwa na sauti moja tu, ya yule mwizi mdogo anavyomeza. Shangazi akainua macho sasa, akamtazama mama yake, akalirudia neno lile lile.

"Simtoi, mama. Bwanaheri atapata mke kwengine."